Swali la Kwanza: Mama Huyu Amekuja kwa Nini?

Ndugu makarani wa malipo, wauguzi, wasimamizi wa kliniki, na ninyi mnaoanza kujifunza kazi hii, asanteni kwa kufika.

Leo tunazungumzia madai ya bima katika kliniki za magonjwa ya wanawake, kwa mfumo wa Marekani. Mengi mnayajua, na sina haja ya kuwasomea kitabu cha misimbo, yaani namba tunazoandikia huduma na magonjwa kwenye dai. Nitakaa zaidi kwenye sehemu ambazo madai hukwama, na kwenye sehemu ambazo kosa letu la dakika 2 humfikia mwanamke nyumbani kwa sura ya bili ambayo hakuitegemea.

Makosa mengi ya kliniki hizi chanzo chake ni kimoja: karani ameandika kilichofanyika kabla ya kujiuliza mama huyu amekuja kwa nini. Kipimo cha Pap, cha seli za mlango wa kizazi, ni kilekile, kitanda ni kilekile, daktari ni yuleyule. Lakini aliyekuja kupimwa kama kinga, aliyekuja kwa sababu anatokwa damu, na aliyeitwa arudi kwa sababu kipimo cha mwanzo kilikuwa na kasoro, hao ni watu watatu wenye madai matatu tofauti. Anza na sababu ya kuja. Misimbo itafuata.

Tupite haraka kwenye vitabu. Kazi iliyofanywa huandikwa kwa CPT, misimbo ya Chama cha Madaktari cha Marekani, ambayo hubadilika kila tarehe 1 Januari. Sababu ya kuifanya huandikwa kwa ICD-10-CM, iliyoanza kutumika Marekani tarehe 1 Oktoba 2015 na ambayo mabadiliko yake makubwa huanza kila tarehe 1 Oktoba. Dawa, vifaa na baadhi ya huduma za Medicare, bima ya serikali hasa kwa wazee, huchukua misimbo ya HCPCS, ile inayoanza na herufi kama G, J au Q. Kinachotawala ni tarehe ya huduma, wala si tarehe unayotuma dai. Mfano wa karibu ni fangasi ya ukeni: zamani iliandikwa B37.3. Tangu tarehe 1 Oktoba 2022 msimbo huo peke yake hautoshi. Unatakiwa kusema B37.31 kwa ya ghafla au B37.32 kwa sugu. Kliniki iliyobandika karatasi ya misimbo ya zamani ukutani iliendelea kurudishiwa madai, na kila mtu akilaumu kampuni ya bima. Endometriosisi nayo ilipanuliwa siku hiyohiyo, sasa inataka mahali, upande na kina. Karatasi ya ukutani iandikwe tarehe, na ibanduliwe kila Oktoba na kila Januari.

Sasa twende kwenye uchunguzi wa mwaka.

Jambo la kwanza ni kujua kama mgonjwa ni mpya. Mpya ni yule ambaye kwa miaka 3 iliyopita hajahudumiwa na daktari huyu wala na daktari mwingine wa fani hiyohiyo katika kundi hilohilo. Mama aliyemwona daktari mwenzake miezi 30 iliyopita, tawi lingine la kundi lilelile, si mpya, hata kama daktari wa leo hajawahi kumwona. Programu nyingi hutazama daktari mmoja tu, kwa hiyo msiiamini programu. Angalieni historia ya kundi zima.

Mpya wa miaka 18 hadi 39 ni 99385, wa 40 hadi 64 ni 99386, wa 65 na kuendelea ni 99387. Anayejulikana ni 99395, 99396 na 99397 kwa umri uleule. Wasichana wa miaka 12 hadi 17 ni 99384 na 99394. Umri ni wa siku ya huduma. Mama aliyetimiza miaka 40 jana leo anahama msimbo.

Sababu yake ni Z01.419 kama hakuna kasoro iliyoonekana, na Z01.411 kama ipo. Ukiandika Z01.411 lazima uifuatishe na msimbo wa kasoro yenyewe, maana peke yake inasema tu kwamba kuna jambo, haisemi ni jambo gani. Na kuna kosa ambalo ningependa lifie hapa leo: kuongeza Z12.4, msimbo wa kupima saratani ya mlango wa kizazi, juu ya Z01.419. Kipimo cha Pap kikifanyika ndani ya uchunguzi wa jumla wa mwaka, tayari kimo ndani ya Z01.4. ICD yenyewe inakataza kuziweka pamoja. Z12.4 ni ya mwanamke aliyekuja kwa kipimo hicho tu bila uchunguzi wa jumla. Kilichoruhusiwa kuongezwa ni Z11.51 kama amepimwa virusi vya HPV. Kwa mama aliyeondolewa kizazi, kipimo kikichukuliwa ukutani mwa uke, ongeza Z12.72 pamoja na Z90.710 kama kizazi na mlango wake vyote viliondolewa, au Z90.711 kama mlango ulibaki. Hapo daktari akiandika tu "kizazi kiliondolewa," mrudieni aseme mlango upo au haupo.

Tangu 2024 kuna pia 99459, ya uchunguzi wa nyonga. Hailipi kazi ya daktari. Inalipia vifaa na muda wa msaidizi anayesimama chumbani wakati wa uchunguzi. Huwekwa pamoja na msimbo wa hudhurio, haisimami peke yake. Si kila kampuni huilipa, lakini msipoiandika hamtajua nani anailipa. Kwenye faili lazima uchunguzi uonekane umefanyika, na ni vizuri msaidizi aliyekuwepo atajwe.

Hapa ndipo nataka tukae. Chukueni faili hili mbele yenu kama mfano.

Mgonjwa ana miaka 47, anajulikana kliniki, amekuja kwa uchunguzi wa mwaka. Daktari amefanya yote ya mwaka: historia, matiti, nyonga, Pap, ushauri. Halafu mama anasema hedhi yake kwa miezi 4 imekuwa nzito mno, inakuja kwa wakati wake lakini anabadilisha pedi kila saa na usiku analowesha shuka. Daktari anamhoji zaidi, anapima na kukuta mji wa mimba umekua, anaagiza vipimo vya damu kamili na homoni ya tezi, anapanga altrasaundi, na anamwandikia dawa ya kupunguza damu.

Karani mmoja ataandika 99396 peke yake, na kazi nzima ya kutokwa damu itakwenda bure. Mwingine ataandika 99214, msimbo wa hudhurio la tatizo, peke yake kwa kuwa "kulikuwa na tatizo," na mama atanyimwa uchunguzi wa mwaka ambao bima yake inaulipa bila yeye kutoa senti. Wote wawili wamekosea, kwa sababu mama huyu amekuja kwa sababu moja na ameondoka akiwa amehudumiwa kwa mbili.

Dai lake lina mistari miwili. Kwenye kisanduku cha 21 cha fomu ya madai ya CMS-1500, A ni Z01.411, B ni N92.0, hedhi nzito inayokuja kwa mpangilio, C ni N85.2, kukua kwa mji wa mimba. Mstari wa kwanza ni 99396 ukielekezwa kwa A. Mstari wa pili ni 99214 yenye modifaya 25, alama ya nyongeza kwenye msimbo, ukielekezwa kwa B na C. Modifaya 25 inaiambia bima kwamba siku hiyohiyo kulikuwa na kazi nyingine ya kitabibu, kubwa na inayojitenga.

Kwa nini 99214 na si 99213? Tangu tarehe 1 Januari 2021 kiwango huchaguliwa kwa uzito wa maamuzi ya daktari au kwa jumla ya muda wa siku ile. Maamuzi yana mizani tatu: tatizo, taarifa zilizopitiwa au kuagizwa, na hatari ya matibabu. Zikikubaliana mbili, umepata kiwango. Tatizo jipya ambalo chanzo chake hakijajulikana na mwisho wake hauna uhakika ni la wastani. Kuandika na kusimamia dawa ya cheti ni hatari ya wastani. Mbili tayari, na wastani ni 99214. Mizani ya taarifa hatukuihitaji, lakini angalieni mtego wake: vipimo viwili vya damu vinahesabika, ila altrasaundi ambayo daktari huyuhuyu ataisoma na kuitoza mwenyewe haihesabiki hapo. Huwezi kulipwa kwa kuisoma na papo hapo uitumie kupandisha kiwango.

Na muda? Kwa mgonjwa anayejulikana, 99213 inataka dakika 20 au zaidi, 99214 dakika 30, 99215 dakika 40. Kwa mpya ni 15, 30, 45 na 60 kwa 99202 hadi 99205. Lakini siku yenye uchunguzi wa mwaka pamoja na tatizo, muda ni njia yenye utelezi. Dakika za uchunguzi wa mwaka haziruhusiwi kuingia kwenye hesabu ya tatizo, na madaktari wachache sana hutenganisha dakika hizo kwenye faili. Kama hazikutenganishwa kwa maandishi, tumieni maamuzi.

Si kila neno la mgonjwa linaleta mstari wa pili. Mama akisema ana muwasho kidogo, daktari akamwambia abadilishe sabuni, hiyo ni sehemu ya uchunguzi wa mwaka. Akiomba dawa yake ya kupanga uzazi iendelezwe na hana tatizo lolote, vivyo hivyo. Njia nzuri ya kujipima ni hii: chukua faili, funika kwa mkono kila kilichoandikwa kwa ajili ya mwaka. Kilichobaki kinaweza kusimama kama hudhurio kamili, chenye malalamiko, tathmini na mpango? Kama kinasimama, andika 25. Kama kimebaki sentensi moja inayoning'inia, acha.

Sasa mfikirieni mama huyo akiwa nyumbani. Mipango mingi ya bima, kwa sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010, hulipa uchunguzi wa mwaka bila mchango wa mgonjwa. Lakini ule mstari wa 99214 unaingia kwenye kiwango cha mwanzo anachotakiwa kulipa mwenyewe kabla bima haijaanza kuchangia. Aliambiwa "uchunguzi wa mwaka ni bure," akapokea bili. Ana haki ya kukasirika, kwa sababu hakuna aliyemwambia. Dawa ya hili iko dirishani na chumbani, haiko kwenye misimbo. Anapopanga miadi aambiwe: "Mama, uchunguzi wa mwaka bima inaulipa. Ukiwa na tatizo ambalo daktari atalitibu siku hiyo, hilo huandikwa kando, na huenda ukachangia. Unaweza pia kulipangia siku yake." Daktari arudie kwa kifupi pale tatizo linapojitokeza. Sekunde 20 hizo zinaokoa simu za nusu saa, na zinamwachia mama uamuzi ulio wake.

Kwa Medicare mambo yanabadilika, na wengi huteleza hapa kwa kudhani ni bima kama nyingine. Medicare hailipi 99387 wala 99397. Inalipa vipande viwili: G0101, uchunguzi wa nyonga na matiti kwa ajili ya saratani, na Q0091, kuchukua kipimo cha Pap na kukiandaa kwenda maabara. Ni kila baada ya miezi 24 kwa mwenye hatari ndogo, na kila miezi 12 kwa mwenye hatari kubwa. Kabla ya kupanga miadi, angalieni tarehe ya mwisho kwenye mfumo wa Medicare, hata kama mama anakumbuka vizuri, kwa sababu huenda alipimwa kwingine.

G0101 ina sharti: faili lionyeshe angalau vipengele 7 kati ya 11. Cha kwanza ni matiti, cha pili ni uchunguzi wa njia ya haja kubwa kwa kidole, na tisa ni vya nyonga: sehemu za nje, tundu la mkojo, mrija wa mkojo, kibofu, uke, mlango wa kizazi, mji wa mimba, ovari na pembeni mwake, na mkundu pamoja na msamba. Daktari akiandika "nyonga kawaida," ameandika maneno mawili ambayo hayabebi hata kipengele kimoja mbele ya mkaguzi. Mtengenezeeni kiolezo chenye vipengele hivyo 11, kila kimoja na nafasi yake, lakini kisijijaze chenyewe. Kiolezo kinachojijaza "kawaida" kila mahali kitaandika siku moja kwamba mlango wa kizazi ni wa kawaida kwa mama ambaye hana mlango wa kizazi.

Daktari akifanya uchunguzi kamili wa mwaka kwa mgonjwa wa Medicare, sehemu isiyolipwa na Medicare inaweza kutozwa mgonjwa, baada ya kutoa vile vipande viwili. Tuseme kliniki hutoza dola 200 kwa 99397, na kwa G0101 na Q0091 ni dola 40 na dola 45. Mgonjwa hatozwi 200. Anatozwa 200 kutoa 85, yaani dola 115. Kumtoza 200 nzima na kuitoza Medicare 85 ni kulipwa mara mbili kwa kazi moja. Na hizo 115 aambiwe kabla hajapanda kitandani.

Jambo moja kuhusu Q0091: ni ya kipimo cha kinga tu. Mama aliyerudi kwa sababu kipimo kilichopita kilikuwa na kasoro, kuchukua Pap yake kumo ndani ya hudhurio lake; hakuna msimbo wa kando. Nayo maabara ndiyo inayotoza kusoma kipimo. Kliniki isiandike misimbo ya kusoma Pap kwa sababu tu ndiyo iliyoituma.

Tumfuate mama huyu aliyeitwa arudi. Majibu ya seli yana misimbo ya R87.61: ASC-US, seli zenye kasoro isiyo na maana ya wazi, ni R87.610, ASC-H, kasoro ambayo huenda ni ya daraja la juu, ni R87.611, kasoro ya daraja la chini ni R87.612, ya daraja la juu ni R87.613. HPV ya hatari kubwa kwenye mlango wa kizazi ni R87.810. Haya ni majibu ya seli, bado hayajawa ugonjwa. Ugonjwa huthibitishwa na kinyama, kipande kidogo kilichokatwa na kupimwa. CIN ni mabadiliko ya seli yanayoweza kuelekea saratani, kwa madaraja: CIN 1 ni N87.0, CIN 2 ni N87.1, na CIN 3 huhamia D06, saratani iliyo bado mahali pake. Kumwandikia mwanamke D06 kwa sababu Pap ilisema daraja la juu ni kumbandika saratani ambayo hakuna aliyeithibitisha, na maandishi hayo humfuata kwenye rekodi yake. Katika huduma za nje, lolote lenye "huenda," "inashukiwa" au "kuondoa uwezekano wa" haliandikwi kama ugonjwa. Andika dalili au jibu lisilo la kawaida. Kama majibu ya kinyama yatafika baada ya siku 3, na dai halijatumwa, ni busara kusubiri.

Kwenye kolposkopia, yaani kutazama mlango wa kizazi kwa kifaa cha kukuza, kutazama tu ni 57452. Kutazama na kuchukua kinyama cha mlango wa kizazi ni 57455. Kutazama na kukwangua njia ya ndani ya mlango ni 57456. Vyote viwili ni 57454, msimbo mmoja. Kuandika 57455 na 57456 pamoja ni kuvunja kitu kimoja vipande ili kilipwe zaidi, na hurudishwa. Vinyama vitatu vya mlango wa kizazi bado ni 57455 moja, kwa sababu msimbo umeshasema kimoja au zaidi. Kuchukua kinyama cha ukuta wa ndani wa mji wa mimba ni 58100, lakini kikichukuliwa siku ya kolposkopia kinakuwa 58110, msimbo wa kuongezea. Uke una misimbo yake, 57420 na 57421. Nje ya uke 56820 na 56821. Na msiongeze hudhurio lenye 25 siku ya kolposkopia iliyopangwa, eti kwa sababu daktari alimsalimia, akamweleza na kuchukua saini ya ridhaa. Hayo yamo ndani ya utaratibu wenyewe.

Uzazi wa mpango ndiko fedha nyingi za kliniki huvuja, kwa kuwa vifaa vyake ni ghali. Kuweka kitanzi ni 58300, kukitoa ni 58301. Kutoa na kuweka kingine siku hiyohiyo ni vyote viwili, na sababu yake huandikwa Z30.433; kuweka tu ni Z30.430, kutoa tu ni Z30.432. Kifaa chenyewe ni mstari wa peke yake: J7298 kwa Mirena, J7297 kwa Liletta, J7296 kwa Kyleena, J7301 kwa Skyla, J7300 kwa Paragard. Mirena na Liletta vyote vina miligramu 52 za homoni, ndiyo maana huchanganywa. Soma boksi, usisome kumbukumbu ya daktari. Kwenye boksi hilohilo chukua NDC, namba ya utambulisho wa dawa, iandike kwa tarakimu 11 kwa mpangilio wa 5-4-2, ukiongeza sifuri mahali pafaapo, na mbele yake N4. Halafu uliza swali moja: kifaa hiki kimenunuliwa na nani? Kama duka la dawa lilikituma kwa jina la mgonjwa na kuitoza bima lenyewe, kliniki inaandika kuweka tu. Ukiandika na kifaa, umetoza kitu ambacho hukununua.

Kitanzi kikishindikana, usiandike kama kilichowekwa. Daktari akiacha kwa sababu ya usalama wa mgonjwa, kwa mfano ameishiwa nguvu au maumivu yamezidi, ni 58300 yenye modifaya 53, na maelezo yaseme alifika wapi na kwa nini aliacha. Kipimo cha mimba cha mkojo kabla ya kuweka ni 81025. Kipandikizi cha mkononi ni 11981 kuweka, 11982 kutoa, 11983 kutoa na kuweka kingine, na kijiti chenyewe J7307.

Na sindano ya miezi 3. Msimbo wa dawa yake, J1050, unahesabu kila miligramu 1. Sindano ya miligramu 150 ni uniti 150, pamoja na 96372 ya kuchoma. Ukiacha ile 1 iliyojazwa na programu, bima italipa miligramu moja, dai litaonekana limelipwa, na hakuna mtu atakayerudi kulitazama. Dai lililokataliwa hupiga kelele. Dai lililolipwa kidogo hunyamaza, na ndilo linalomaliza kliniki taratibu. Kila mwezi toeni orodha ya J1050 zote na mpitishe jicho kwenye safu ya uniti.

Upasuaji mkubwa nitausema kwa ufupi kwa kuwa mada yetu ni mahudhurio. Kuondoa kizazi kuna siku 90 za uangalizi ndani ya malipo yake. Hudhurio la siku iliyotangulia au siku ya upasuaji, ambapo uamuzi wa kupasua ulifikiwa, hubeba modifaya 57. Hudhurio la tatizo jingine ndani ya siku 90, kwa mfano uvimbe wa titi, hubeba 24. Na kwa njia ya kamera, gramu 250 ndizo mpaka: 58570 na 58571 ni kwa kizazi kisichozidi hapo, 58572 na 58573 kwa kinachozidi. Uzito huo uko kwenye ripoti ya patholojia, kwa hiyo subirini ripoti.

Dai likirudi, someni namba ya sababu kabla ya kuligusa. 11 inasema sababu haiendani na kazi. Mara nyingi ni kielekezo cha kisanduku 24E kilichoelekezwa herufi isiyo yake, kama pale 58300 ilipoelekezwa Z01.419. Fomu inabeba sababu 12, lakini kila mstari unaelekezwa kwa 4 tu, na ya kwanza ndiyo nzito. 97 inasema kazi hiyo imo ndani ya nyingine: angalieni kama 25 ilisahaulika, na kama inastahili. 119 inasema kikomo cha huduma kimefikiwa, ndiyo ile Pap iliyofanyika mapema. 197 ni kibali hakikuombwa. 29 ni muda umepita, na kwa Medicare muda ni mwaka 1 tangu siku ya huduma. Hiyo ya mwisho haina dawa, wala mgonjwa hatozwi kwa uzembe wetu.

Kwa bima nyingi zisizo Medicare, dai lenye kosa letu hurekebishwa kwa namba 7 kwenye kisanduku cha 22 pamoja na namba ya dai la awali. Ukilituma upya kama jipya litarudi na 18, nakala. Dai lililo sahihi lakini limekataliwa halirekebishwi, linakatiwa rufaa. Kwa Medicare hatua ya kwanza ina siku 120 tangu kupokea uamuzi. Ambatanisheni ukurasa wa faili unaohusika, na barua fupi inayoonyesha kwa kidole mstari uliothibitisha kazi. Kurasa 40 bila barua hazisomwi.

Mwisho ni simu ambayo kila mmoja wenu ataipokea. Mama anapiga, ana uchungu, anasema: "Nimeletewa dola 180, badilisheni msimbo iwe kinga." Msikilizeni mpaka amalize. Msimwambie ndiyo wala hapana. Fungueni faili pamoja naye kwenye simu, mtazame sababu aliyoitoa alipopanga miadi na alichokiandika daktari. Kama alikuja kwa mwaka na tukaandika tatizo ambalo halisimami peke yake, kosa ni letu: tulirekebishe siku hiyo, na bili isimamishwe wakati dai linarudi. Kama daktari alifanya jambo na kusahau kuliandika, muulizeni kwa maandishi, kwa swali lisilomwekea jibu mdomoni, na nyongeza yake iwe na tarehe ya leo, si ya siku ya hudhurio. Lakini kama tatizo lilitibiwa na faili linasema hivyo, msimbo haubadiliki, kwa sababu kuandika kinga mahali palipotibiwa ugonjwa ni dai la uongo mbele ya sheria. Mwelezeni hivyo kwa upole, mgawieni malipo kwa awamu, na mwangalieni kama anastahili msaada wa kliniki. Kisha rudini dirishani mkatazame siku ile alipopanga miadi aliambiwa nini.

Nipo hapa kwa maswali. Walioleta madai yao yaliyokataliwa, wafute kwanza majina na tarehe za kuzaliwa, tuyapitie moja moja.